Bima ni ya Tukio, Uzee si Tukio: Tulivyopanga Gharama za Matibabu Baada ya Kustaafu

Mtu anayekaribia kustaafu hupigiwa hesabu ya kila kitu isipokuwa ugonjwa. Ataambiwa pensheni yake itakuwa kiasi gani, mafao ya mkupuo yatalipwa lini, nyumba imaliziwe vipi na mradi gani unamfaa mtu wa umri wake. Habari za matibabu huachwa zije zenyewe, na zikija hukuta fedha imeshapangiwa kazi nyingine. Mimi ni mstaafu, na mume wangu alinitangulia kustaafu. Sote wawili ni wagonjwa wa kudumu: yeye ana presha, na baadaye alipata kiharusi, mimi nina kisukari. Naandika yale yaliyotufaa na yale niliyoyaona kwa wenzetu. Neno langu kubwa ni kwamba bima ya afya imetengenezwa kwa ajili ya tukio, kama ajali, upasuaji au kulazwa, ilhali uzee ni mwendo wa kila siku. Anayejiandaa inampasa aviandalie vyote viwili, tena kwa fedha mbili zisizochanganyika.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya ajira niliitumikia ofisi ya utumishi, kwa hiyo niliwaona watu wakiondoka. Tuliwafanyia sherehe, wakapewa barua, wakakabidhi vitambulisho. Kadi ya bima wengi walibaki nayo mfukoni wakidhani ni mali yao. Siku moja alirudi mzee mmoja aliyekuwa amestaafu miezi kadhaa nyuma. Alikuwa na tatizo la tezi dume, amefika mapokezi ya hospitali, kadi ikasomwa kwenye mashine, akaambiwa si mwanachama. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii kadi imekatwa lini?" Ilikatwa siku yake ya mwisho ya kazi. Alipokwenda kutafuta bima yake mwenyewe alikuta mlango mwembamba: umri wake uliongeza mchango, na tezi dume ilikuwa tayari imeandikwa kwenye faili lake, hivyo matibabu yake yalitengwa nje ya mkataba. Akalipa upasuaji kwa fedha ya mkupuo aliyokuwa ameikusudia kwa jambo jingine kabisa.

Kisa hicho kilinifanya nianze kuuliza mapema, nikiwa bado na mshahara. Bima ya kazini ni bima ya kundi. Vijana na wazee wamo pamoja, mwajiri analipa sehemu ya mchango au mchango wote, na mara nyingi hakuna anayepimwa afya kabla ya kuingia. Ukitoka kwenye kundi, yote hayo yanakwisha kwa mpigo: mchango wote unakuwa wako, umri wako unahesabiwa peke yake, na historia ya ugonjwa wako inafunguliwa. Lakini ipo mikataba ya kundi yenye kifungu kinachomruhusu anayeondoka kuendelea kama mwanachama binafsi bila kupimwa upya, mradi aombe ndani ya muda uliowekwa. Muda huo huwa mfupi, na mtu aliyetoka kwenye sherehe ya kuagwa hana habari nao. Niliomba kifungu hicho kwa maandishi kabla ya kuondoka, nikajaza fomu nikiwa bado mwajiriwa, na mchango wa kwanza ukakatwa kwenye mshahara wangu wa mwisho. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumwambia mtu ambaye bado yuko kazini, ningemwambia aulizie kifungu hicho wiki hii.

Watu wengi huwakasirikia wenye bima kwa masharti haya, na hasira yao naielewa. Hata hivyo inafaa kujua masharti yametoka wapi. Bima inaishi kwa wazima wanaochangia leo ili wagonjwa walipiwe leo. Watu wakisubiri mpaka waugue ndipo wajiunge, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, mchango unapanda, wazima wanazidi kukimbia. Ndiyo sababu pana kipindi cha kusubiri kabla ya kulipiwa baadhi ya huduma, na maradhi yaliyokuwepo kabla ya mkataba huchujwa. Nchi zilizotaka kuwalinda wazee zimeliondoa tatizo hilo kwa kumtaka kila mtu achangie kwa sheria tangu ujana. Ujerumani ilianza kuwawekea wafanyakazi bima ya lazima ya ugonjwa mwaka 1883, na Japani ikawafikia wananchi wote mwaka 1961. Hata pale ambapo mpango wa umma umewekwa mahususi kwa wazee, kuchelewa kuna gharama. Nchini Marekani, Medicare huanza kwa walio wengi wakifika miaka 65, na mtu asiyejiandikisha kwa wakati kwenye sehemu inayolipia madaktari na huduma za nje, bila ya kuwa na bima nyingine inayokubalika, huongezewa mchango kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa. Nyongeza hiyo kwa kawaida huendelea muda wote atakaokuwa ndani ya sehemu hiyo. Popote ulipo, basi, tafuta kwanza mpango wa umma unaokuhusu, ujue tarehe zake, ndipo utazame bima binafsi kama nyongeza.

Tulipofika kwenye kusoma mikataba, mume wangu alichoka haraka. Mimi sikuchoka, kwa sababu makaratasi ndiyo yalikuwa kazi yangu. Wakala aliyetujia alikuwa kijana mwema mwenye maneno mazuri. "Mama, mpango huu unalipa kila kitu." Nikamwambia, "Mwanangu, nifungulie ukurasa wa yale yasiyolipwa, tuanzie hapo." Ukurasa huo ndio unaoeleza bima yenyewe. Humo ndimo tulimokuta meno na miwani vimetengwa, mazoezi ya viungo yamewekewa idadi ya vipindi kwa mwaka, na vifaa kama kiti cha magurudumu au mashine ya kusikilizia havimo kabisa. Humo pia mlikuwa na dari ya malipo, na dari zenyewe zilikuwa juu ya dari: kiwango cha juu cha mwaka mzima, kiwango cha ugonjwa mmoja, kiwango cha kulazwa, na kiwango kidogo zaidi cha mgonjwa wa nje. Tangazo huandika kile kikubwa. Mzee anaishi kwenye kile kidogo.

Kitu kingine nilichokikazania ni umri, kwa kuwa kuna umri wa kuingia na umri wa kuendelea. Mpango unaweza kumpokea mtu wa miaka 60 kwa tabasamu na ukamtoa akifika 70, miaka ambayo gharama ndipo zinapopanda. Nilimwuliza kijana yule: nikiwa na miaka 80 na nimelipa kila mwaka bila kukosa, je, mnaweza kukataa kuhuisha mkataba wangu? Hakuwa na jibu pale. Alikwenda, akarudi nalo kwa barua. Barua hiyo ninayo mpaka leo kwenye faili, na mpango tuliouchagua haukuwa wa bei rahisi kuliko mingine. Tuliuchagua kwa sababu hauna umri wa kumtoa mtu.

Sasa nije kwenye mwendo wa kila siku, maana hapa ndipo wastaafu wengi wanapoishiwa bila kuona wameishiwa wapi.

Kisukari hakimlazi mtu kila mwezi. Kinamtaka ameze dawa kila siku, apime sukari, amwone daktari mara kwa mara, apimwe figo, akaguliwe macho na miguu kila mwaka. Presha ni hivyohivyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kama msiba wa kifedha. Kila kimoja ni stakabadhi ndogo. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilianzisha daftari na kuandika kila gharama ya afya ya watu wawili, pamoja na zile zilizolipwa na bima ya mwajiri, maana hizo ndizo zinazosahaulika. Niliandika nauli za kliniki. Niliandika vipande vya kupimia sukari, ambavyo vilikaribia kuishinda dawa yenyewe kwa gharama. Mwisho wa mwaka jumla ilimnyamazisha mume wangu, akasema, "Hii ni pensheni ya mtu mwingine kabisa." Kutokana na daftari hilo tukajua kwamba kiwango cha mgonjwa wa nje cha bima yoyote tuliyoimudu kingekwisha kabla mwaka haujaisha. Ndipo tukakubaliana kuwa bima itabaki kwa ajili ya kitanda cha hospitali, na shughuli za kila mwezi zitakuwa na mfuko wake.

Mfuko huo tuliutenga siku mafao ya mkupuo yalipoingia, kabla ya jambo lolote lingine. Siku zile ndugu na marafiki huwa na mawazo mengi juu ya fedha yako, na si kwa ubaya. Ukiwa umeshaitenga na kuipa jina, ni rahisi kusema haipo. Tuliigawa. Sehemu ndogo iko kwenye akaunti inayofikika siku ileile, kwa sababu hospitali inaweza kudai malipo ya awali usiku wakati bima bado haijatoa idhini. Sehemu kubwa tuliiweka kwenye amana za muda na dhamana za serikali zinazoiva kwa zamu, ili kila mwaka kuwe na kiasi kinachorudi mkononi. Tulishauriwa tununue ardhi kwa kuwa haishuki thamani. Labda ni kweli, lakini huwezi kuuza pembe ya kiwanja usiku wa manane ili mtu apigwe picha ya ubongo.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye miaka 50 aifanye kwa kalamu yake. Chukua mfano tu: gharama za matibabu zikipanda kwa asilimia 8 kwa mwaka, zinakuwa maradufu ndani ya miaka 9. Katika miaka 20 zinakuwa zaidi ya mara nne na nusu. Pensheni inayoongezwa asilimia 3 kwa mwaka, katika miaka hiyohiyo 20, haifiki hata maradufu. Badilisha viwango upendavyo kulingana na mahali ulipo. Pengo hilo huwa halifungwi na kubana matumizi mengine. Kwa hiyo fungu la afya halipaswi kupimwa kwa mahitaji ya mwaka wa kwanza wa kustaafu, mwaka ambao walio wengi bado wana nguvu na wanatumia kidogo.

Upande wa kupunguza gharama, mambo yaliyotusaidia kweli yalikuwa machache, na yote ni ya kawaida. Kwanza, dawa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa Orodha ya Dawa Muhimu tangu 1977, na dawa nyingi za presha na kisukari zilizomo ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi kwa majina tofauti ya biashara. Metformin, dawa ya kisukari, ni metformin tu hata jina la biashara likibadilika, maadamu imesajiliwa na mamlaka ya dawa. Tulimwomba daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la biashara, na tofauti kwenye stakabadhi ilionekana mwezi uleule. Pili, tulimpelekea mfamasia vidonge vyote vya mume wangu kwenye mfuko mmoja, vile vya daktari wa moyo, vya daktari wa mifupa na vile alivyojinunulia. Alikuta viwili vinavyofanya kazi moja na kimoja cha maumivu kinachopandisha presha. Akawasiliana na daktari, orodha ikapungua, na mgonjwa akaamka amechangamka. Tangu hapo kila mwaka tunafanya ukaguzi huo, na ninashangaa kwamba hakuna anayeambiwa aufanye.

Kuna chanjo pia: mafua ya kila mwaka, nimonia, mkanda wa jeshi. Uliza ipi inapatikana ulipo na ipi inafaa umri wako. Halafu kuna kuanguka. Watu wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi kwa kuanguka kuliko rika lolote, na nyonga ikivunjika gharama yake haiishii kwenye upasuaji. Tulifunga vyuma vya kushikilia bafuni na msalani, tukaweka taa kwenye korido na kuondoa mazulia madogo yanayoteleza. Hakuna bima iliyolipia hayo, na katika matumizi yetu yote ya afya hakuna fedha ninayoona ilitumika vizuri zaidi.

Kiharusi cha mume wangu kilitujia asubuhi. Nasema kwa shukrani kwamba bima ilifanya kazi yake: gari la wagonjwa, kipimo cha picha, kulazwa, dawa za wodini. Faili lilikuwa tayari, lina namba ya uanachama, orodha ya dawa, kundi la damu, simu ya daktari wake na nakala ya mkataba, na binti yetu alilichukua njiani bila kuuliza. Mambo yalianza kuwa magumu siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yanatoka kwa shida. Alihitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha, kumnyoosha viungo na kumfundisha tena kutembea, kwa miezi. Vipindi vya mazoezi vilivyomo kwenye mkataba vilikwisha wakati bado anaburuta mguu. Mtu wa kumtunza nyumbani hakuwahi kuwemo.

Huu ndio upande wa gharama za uzeeni unaofichwa na neno "matibabu". Kumwogesha mtu si matibabu, kwa hiyo bima nyingi za afya hazikuhesabu. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya utunzaji mwaka 1995, na Japani ikaanzisha ya kwake mwaka 2000, ambapo wananchi wanaanza kuichangia wakiwa na miaka 40. Hata Medicare ya Marekani kwa kawaida hailipii utunzaji wa muda mrefu wa kumsaidia mtu kuoga, kuvaa na kula. Pasipo na mpango wa namna hiyo, anayelipa ni mtu wa familia, na mara nyingi ni mwanamke. Binti yetu alipunguza saa zake za kazi. Hakulalamika, na ndiyo maana nilihofia zaidi. Mshahara unaopungua katikati ya maisha ni pensheni itakayopungua baadaye, tena pamoja na bima yake ya kazini.

Kwa hiyo tuliketi wote, wazazi na watoto, mgonjwa akiwemo, naye akachangia kwa kutikisa kichwa na kuandika kwa mkono wa kushoto. Tukakubaliana kwamba mfuko wa afya utamlipa mtunzaji wa mchana, na binti arudi kazini kwa saa zake zote. Watoto wa kiume walichukua zamu za usiku na za mwisho wa wiki, kwa majina na tarehe. Nimegundua kwamba familia nyingi hukwepa kikao hiki kwa kuona aibu kuzungumza fedha mbele ya mgonjwa. Mgonjwa wetu alikuwa na maoni kuliko sote. Hakutaka tuuze nyumba. Alitaka aandike nani atasema kwa niaba yake akishindwa kusema, na ni matibabu gani hayataki ikiwa hakuna tumaini la kurudi kwenye fahamu. Tuliyaandika hayo mbele ya mwanasheria na nakala akapewa daktari. Wagonjwa wengi waliolala karibu naye wodini walikuwa na watoto wanaogombana korido kwa sababu hakuna aliyejua mzee alitaka nini, na kila siku ya ugomvi ilikuwa na ankara yake.

Jambo jingine lilikuja mezani siku hiyo kwa swali la kijana wetu mdogo: bima iko kwa jina la nani? Ilikuwa kwa jina langu, mume wangu akiwa mtegemezi. Tukasoma mkataba na kukuta kwamba mwanachama mkuu akifariki, mtegemezi analindwa hadi mwisho wa mwaka uliolipiwa tu, kisha inambidi aombe upya. Mgonjwa wa kiharusi aombe upya! Nilimwandikia mwenye bima, na baada ya barua kadhaa tukatenganishwa kuwa wanachama wawili, kila mmoja na mkataba wake, historia ya uanachama wake ikihesabiwa tangu mwanzo. Mchango uliongezeka kidogo. Wajane wangapi wamegundua sharti hili wakiwa bado kwenye matanga, sijui, lakini nimekutana nao zaidi ya mmoja.

Mume wangu sasa anatembea kwa mkongojo na anasoma gazeti kwa sauti kila asubuhi kama zoezi la ulimi. Mkataba wake unahuishwa mwezi ujao, na wenye bima wameshatuma jedwali jipya la viwango. Kiwango cha mgonjwa wa nje hakijaongezwa, mchango umepanda, na kuna mstari mpya kuhusu idhini ya awali kwa vipimo vya picha. Nimewaandikia nikitaka kujua idhini hiyo inachukua saa ngapi mgonjwa akifika usiku, nani anapokea simu, na hospitali ifanye nini wakati inasubiriwa. Jibu likija litaingia kwenye faili, na binti yetu atapewa nakala.